Mafichoni mwa Furu

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wahenga walipolitunga neno hili walikuwa wakiwafikiria binadamu, na vita vyao, na matanga yao. Walakin ukweli wake waonekana pia chini ya maji ya Ziwa Viktoria, katika miamba ya Mwanza, ambako walioishi peupe wengi wamekwisha na waliobaki ni wazao wa waliojificha.

Hadithi za wanyama, za pwani na za bara, zimezoea kumtukuza Sungura. Yeye ni mdogo, lakini ana ulimi: humlaghai Simba, humchezea shere Fisi, kisha huondoka akicheka. Mchezo mmoja wa kompyuta umeiacha njia hiyo. Unaitwa Endling, nao ulitengenezwa na Herobeat Studios, kampuni ndogo ya Barcelona, Hispania, ukatolewa mwaka 2022. Jina hilo kwa Kiingereza ni la kiumbe wa mwisho wa jinsi yake. Mchezaji huvaa ngozi ya mbweha jike, wa mwisho duniani, mwenye watoto wanne. Dunia imekwisha kuharibiwa na watu. Mama hutoka usiku kutafuta riziki. Hunusa, hunyata, hujibanza mtu apitapo, kisha hurejea shimoni kabla ya mapambazuko. Hana ulimi wa Sungura, wala hakuna wa kumsikiliza. Ngao yake ni ukimya, na kosa moja laweza kumpotezea mtoto.

Huko Barcelona kisa hiki ni cha kubuni. Mwanza kimekwisha kutokea.

Furu ni samaki wadogo, wengi wao hutoshea kiganjani. Ziwa lilikuwa na aina zao zipatazo 500. Katika miaka ya 1950 na 1960 akaletwa sangara, samaki awezaye kukaribia urefu wa mita 2, kwa nia ya kuongeza mavuno. Kwa muda hakusikika. Miaka ya 1980 akafurika, na katika kipindi cha takriban miaka kumi aina zipatazo 200 za furu zikatoweka au zikawa adimu mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, walikuja kuhesabu samaki wakajikuta wakihesabu vifo. Si haki hata hivyo kumfanya sangara kuwa ibilisi tu. Viwanda vya minofu viliwapa watu ajira, na minofu ikasafiri hadi Ulaya, ingawa wengi wa ufukweni waliachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Ni nani basi waliosalimika? Ni wenye maficho. Baadhi walihifadhiwa na vinamasi vya mafunjo, ambamo oksijeni ni haba na sangara hawezi kuvumilia. Wengine, waitwao mbipi, wamo katika nyufa za miamba ileile iliyoupa Mwanza jina la Mji wa Miamba. Tena furu jike hubeba mayai yake kinywani hadi yaanguliwe, na katika aina nyingi, ikitokea hatari, vitoto hurudi humo humo. Mbweha wa mchezoni hana shimo la karibu kiasi hicho.

Lakini ziwa lina fundisho ambalo mchezo hauna. Kwa mbweha giza ni rafiki. Ziwani giza lina bei yake. Miongoni mwa mbipi wamo wawili ambao wataalamu wamewapa jina la Kiswahili: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la samawati ya kijivu, na Pundamilia nyererei, aliyeitwa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu. Majike huchagua waume kwa rangi. Penye maji maangavu, kama kisiwani Makobe, aina hizo husimama mbili. Penye maji ya tope, jike halitofautishi wekundu na samawati, na aina mbili huyeyuka kuwa moja. Ole Seehausen na wenzake walilitangaza jambo hilo mwaka 1997. Hapo hapana jino lililouma. Samaki yu hai, anakula, anazaa, ila jinsi yake imekwisha.

Huo ni mwisho wa pili, nao hauna matanga. Huletwa na udongo wa mashamba yaliyo wazi, mbolea na majitaka ya miji, vinavyorutubisha mwani hadi maji yakapoteza uangavu. Ajifichaye asionwe na adui bado ahitaji kuonwa na mwenzake. Wasomaji wa visiwani, wenye lahaja zilizosalimika majumbani, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Tangu miaka ya 1990, sangara walipoanza kupungua kwa kuvuliwa mno, baadhi ya furu wameonekana tena peupe katika Ghuba ya Mwanza. Kicheko cha mwoga, basi, kimeanza kusikika. Wavu umeweza kumpunguza sangara, lakini tope halivuliwi kwa wavu. Litapungua miti ikiachwa kandokando ya mito, na majitaka yakisafishwa kabla ya kufika ziwani.