Dirishani, naitafuta Muhimbili

Wadau, samahanini kwa kuadimika. Nilikuwa Mwanza kwenye mazoezi ya kufundisha, nafundisha jiografia kidato cha pili, dada akanipigia: mama anafanyiwa upasuaji Muhimbili kesho asubuhi. Basi la Mwanza mpaka Dar linakula siku nzima na zaidi, kwa hiyo shangazi akanikatia tiketi ya ndege ya alfajiri. Mara yangu ya kwanza kupanda pipa, jamani, na wala sikuwa na hamu nayo.

Nilikaa dirishani, upande wa kulia. Nilidhani kwa kuwa tunatoka bara tutaingilia Pugu moja kwa moja. Wapi! Ndege hutua ikiukabili upepo, na asubuhi ile ulivuma kutoka kusini-magharibi, tukapitiliza hadi baharini ndipo tukageuka. (Mambo ya pepo nilikuwa nimeyafundisha wiki ileile, kwa mishale ya chaki ubaoni.) Nikaviona visiwa vya Mbudya na Bongoyo, maji ya kijani yamevizunguka, halafu ghafla bluu nzito. Kisha rasi ya Msasani, na lile Daraja la Tanzanite la 2022, kama kilomita moja hivi juu ya maji, magari kama sisimizi. Viti vya kushoto baba mmoja alikuwa akimwonyesha mwanawe bandari, daraja la Kigamboni, Uwanja wa Mkapa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu.

Ukishavuka ufukwe ni sekunde chache. Upanga, miti, halafu majengo ya hospitali. Mbona mengi hivi! Nikabandika paji la uso kwenye kioo, nahangaika na mapaa: lipi la wodi yake, lipi la chumba cha upasuaji? Sikujua. Likaja bonde la Msimbazi pale Jangwani, hospitali ikabaki nyuma ya bawa. Buguruni, Vingunguti, mabati yenye kutu karibu kabisa, hadi nguo kwenye kamba unaziona, puu! tumetua.

Nikawasha simu. Meseji ya dada: "Ameingia saa mbili." Ilikuwa saa tatu na robo. Begi langu lilichelewa hadi nikatamani kuliacha.

Alitoka saa sita. Juzi kaanza kunywa uji, kaniuliza Dar ikoje ukiwa juu. Nikamwambia kuna daraja zuri sana, mama. Akasema akiruhusiwa tumpitishe huko.