Kalenda ya Mzee Tarehe

Nilipofika chuoni Oktoba 2017 nilikuwa na begi moja, redio ya betri na madaftari manne yaliyojaa hadithi zangu. Vyeti nilivitia kwenye bahasha ya kaki. Kama ungeniuliza siku ile mimi ni nani ningekujibu bila aibu: mwandishi. Ukufunzi ulikuwa wa kulipia chumba.

Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko huko kwetu Mara, kwenye ile barabara ya Musoma kwenda Bunda, upande ambao jioni upepo wa ziwa unakufikia ukiwa umechoka. Tuliajiriwa wakufunzi wapya watatu. Mkuu wa chuo akatupa mikono, akatukaribisha, kisha akatuambia twende ofisi ya taaluma, huko kuna mzee atatuonyesha kazi.

Mzee mwenyewe tulimkuta ameinamia daftari la kaunta kubwa, rula mkononi, anachora mistari. Tukamwamkia. "Marahaba. Kaeni. Mmeleta kalamu?" Hakuna aliyekuwa nayo. Akatutazama mmoja mmoja, akafungua mtoto wa meza, akatupa kalamu tatu na kuziandika mahali. Ndiyo, aliziandika! Wanafunzi walimwita Mzee Tarehe, na ndani ya wiki moja na sisi tukawa tunamwita hivyo, nyuma ya mgongo wake lakini.

Sasa kalenda ya chuo mnaijua ilivyo: karatasi moja ubaoni, muhula unaanza lini, unafungwa lini, mitihani lini. Ile ya Mzee Tarehe ilikuwa kitu kingine. Yeye alianza mwisho. Aliandika siku ya mtihani wa kwanza chini kabisa ya ukurasa, halafu akawa anapanda kurudi nyuma. Ili mtihani ufanyike siku hii, lazima uwe umechapwa na kufungwa kwenye bahasha wiki moja kabla. Ili uchapwe, lazima wenzako wawe wameupitia maswali na kuyakosoa. Ili waupitie, lazima uwe umeutunga, na hapo unajikuta uko wiki ya nane wakati wewe unadhani muhula ndiyo kwanza unachangamka. Maksi za majaribio nazo vivyo hivyo. Zinatakiwa kupandishwa kwenye mfumo wa Baraza (wakati ule likiitwa NACTE, siku hizi NACTVET) kabla ya mitihani. Lakini kabla ya kupandishwa zibandikwe ubaoni siku tano, kila mwanafunzi aone zake na kutia saini. Kwa hiyo kusahihisha kumeisha lini? Hesabu mwenyewe kijana.

Katikati ya hizo alikuwa ameweka tarehe ambazo hakuna kalenda ya chuo inazo. Mvua za masika, wakati ambao umeme unakatika na mashine ya kuchapa inalala. Siku za mnada, madarasa ya mchana yanapokuwa nusu. Wiki ya mshahara, "maana najua hamtasahihisha kitu".

Tulicheka. Nani asingecheka?

Tarehe 14 Oktoba, siku ya Mwalimu Nyerere, alitupandisha haisi sisi wageni watatu hadi Makutano na kutoka hapo tukaenda Butiama. Nauli alilipa yeye. Tulifika Mwitongo, tukasimama kaburini, tukazunguka kwenye yale majabali makubwa. Nilitegemea hotuba. Badala yake mzee alikaa juu ya jiwe akatusimulia habari zake mwenyewe.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, ikatoa lile tunaloliita Azimio la Musoma. Serikali ilikuwa imekadiria kwamba watoto wote wa nchi hii wangepata nafasi ya shule ya msingi mwaka 1989. Chama kikasema hapana, ni mbali mno, iwe Novemba 1977. Miaka mitatu! Walimu wako wapi? Hawapo. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wanafundisha nusu siku na nusu siku wanafundishwa wao, huko huko vijijini, kwa masomo ya posta na redio. Zaidi ya 40,000 walipatikana kwa njia hiyo. Watu wakawaita walimu wa UPE, na si kwa heshima.

"Mimi ni mmoja wao," akasema. "Mwaka 1976, umri miaka kumi na minane. Watoto themanini mbele yangu, chini ya mwembe. Asubuhi nafundisha sehemu, mchana najifunza sehemu ambazo nimezifundisha asubuhi."

Mmoja wetu akauliza kama haikuwa makosa kuweka tarehe ya namna ile. Hata mimi nilikuwa na swali hilo hilo, kwa sababu tulisoma vyuoni kwamba ubora wa elimu ulianguka hapo. Mzee hakukasirika. Alisema ubora ulianguka, ndiyo, na yeye alikuwa mmoja wa walioushusha, kwa kuwa hakujua kitu. "Lakini wale themanini, tarehe ingebaki 1989, wangekuwa wamezeeka." Akanyamaza, akaanza kumenya karanga.

Mimi nikaona hadithi nzuri. Usiku ule ule nikaanza kuiandika. Angalieni nilivyokuwa: mtu ananipa jambo la kazi, mimi naliweka kwenye daftari la hadithi.

Muhula wa kwanza ulipita salama. Wa pili, Machi 2018, nikapewa somo la Mbinu za Mawasiliano, darasa moja la wanafunzi 63. Mwezi Juni likatangazwa shindano la hadithi fupi, na siku ya mwisho ya kupokea hadithi ilikuwa wiki ile ile ya kukabidhi maksi. Wenzangu mnaoandika mnajua ninachotaka kusema. Karatasi za jaribio la pili zilikuwa zimerundikwa chini ya kitanda, mimi niko mezani na mhusika wangu mkuu, kijana wa UPE chini ya mwembe, namtafutia maneno ya kumwambia msichana. Mzee alinikumbusha mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mwalimu alitafsiri Shakespeare mwaka 1963 akiwa na nchi nzima mgongoni. Wewe una karatasi sitini na tatu." Nikacheka tena, eti ni utani wa wazee.

Hadithi niliituma kwa wakati.

Maksi nilizimaliza usiku wa Jumapili, saa sita kasoro, mfumo unakaribia kufungwa. Ile ya kuzibandika siku tano haikuwezekana tena, nikairuka. Nilikuwa nanakili kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta, macho mazito. Namba 31 alikuwa ni kijana aliyeacha chuo baada ya jaribio la kwanza, ana alama 6 tu. Sijui nilipepesa vipi, 30 nikamwandika mara mbili. Basi kuanzia hapo kila mtu akapewa maksi za aliyemtangulia. Na namba 32 akapata 6 za yule asiyekuwepo.

Namba 32 alikuwa binti wa Ukerewe. Mpole, mwandiko wa duara, anakaa mstari wa pili. Jaribio la pili lilikuwa lake, nikimaanisha aliongoza.

Jumatatu orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani wa somo langu ikabandikwa. Mwenzangu, yule binti hakuja kuuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliliona jina lake, akaamini. Alidhani amefutwa mwaka mzima, Jumanne alfajiri akafunga godoro lake na kamba akapanda gari la Kisorya. Jumatano jioni rafiki yake ndiye alinifuata, anatetemeka, "Ticha, samahani, sisi karatasi yake tuliiona. Alipata thelathini na tatu kwa arobaini."

Nikamwendea mzee. Sikuweza kukaa. Alivuta daftari langu la maksi, akaweka rula yake chini ya namba 30, akaishusha mstari mmoja, akaishusha mwingine. Dakika mbili tu. Hakunigombeza. Alisema: "Gari la kwanza la Kisorya linatoka alfajiri. Kuwahi kivuko."

Simu ya binti haikuwa ikipatikana. Nikaenda. Barabara wakati ule ilikuwa vumbi tupu sehemu kubwa, nikafika Kisorya nimekuwa mwekundu mpaka kope. Kivuko kilikuwa upande wa pili, Rugezi. Tulikingoja, akina mama na ndoo zao, baiskeli, ng'ombe wawili, mimi na bahasha ya karatasi za majaribio. Kutazama chombo kinavyokuja polepole namna ile na wewe una haraka... Nilijaribu kupata fikra za kishairi, sikupata hata moja.

Nilimkuta nyumbani kwao anaanika dagaa. Aliponiona alisimama, akapiga goti kidogo kuamkia kama kawaida yake, nami sikujua niitikie vipi. Mama yake alitoka na kiti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu uliyemwambia amefeli?" Nikasema ni mimi. Nikaeleza, namba 30, namba 31, usiku, mfumo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sasa usiku huo ulikuwa unafanya nini mpaka ukachelewa?"

Sikumjibu. Niseme hadithi?

Alikuwa amekwisha kukosa mitihani mitatu na siku ile wa nne. Chuo kiliandika barua, mimi nikaandika maelezo ya kurasa mbili nikitia saini, kikao kikakaa. Maksi za darasa zima kuanzia namba 31 zikasahihishwa. Yeye akaruhusiwa kufanya mitihani yake Septemba pamoja na wenye sapu, ila ihesabiwe ni mara ya kwanza. Alifaulu yote. Lakini miezi ile miwili alikaa kijijini watu wakijua amefukuzwa, na hilo hakuna kikao cha kulirekebisha.

Hadithi yangu haikushinda, kama unataka kujua.

Mzee Tarehe alistaafu mwishoni mwa mwaka ule ule. Hatukumfanyia sherehe kubwa: soda, sato wa kukaanga kutoka Musoma, ugali wa muhogo na mtama. Alipokuwa akikabidhi ofisi aliita jina langu. Nilidhani nitapewa onyo la mwisho. Akanipa daftari la kaunta na rula. Wenzangu wawili walitazamana na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Sasa ni mimi ninayewapokea wapya. Naandika bado, msidhani nimeacha. Naandika asubuhi, kabla ya saa moja, na wiki za kusahihisha madaftari ya hadithi nayafungia kabatini. Kwenye kalenda ya mzee nimeongeza jambo moja tu: ratiba ya kivuko cha Kisorya.

Mwaka jana alikuja kijana, nadhifu, kompyuta yake mwenyewe begani, ameandika mashairi mawili matatu yaliyotoka. Nikampa kalamu, nikaiandika. Nikamwonyesha ukurasa unaoanzia chini. Akaupitia kwa kidole, akafika kwenye zile siku tano za kubandika maksi ubaoni, akatabasamu.

"Mzee, hizi tarehe ni za kweli au ni za kututishia?"

Mzee! Nina miaka thelathini na tano. Nikamwambia aweke kompyuta chini, aende stendi ya Bunda akaniulizie gari la Kisorya linaondoka saa ngapi, na mtu mwenye godoro anatozwa kiasi gani.