Kilio cha Mkanda

Msomaji, gari langu lilipoanza kulia kila asubuhi niliulaumu mkanda wa injini, nikanunua mwingine. Miezi miwili haikupita, nao ukakatika mteremkoni. Mkanda ule ndio uzungushao pampu ya usukani, altaneta na pampu ya maji. Basi usukani ukawa mzito, taa ya betri ikawaka, na kipimo cha joto kikapanda. Nilisimama kando ya barabara, mikono ikitetemeka.

Kesho yake, injini ikiwa baridi, nilifungua waya hasi wa betri, nikachunguza kikazo cha mkanda, yaani mkono wenye springi na kapi. Nilipolizungusha kapi kwa kidole lilikwaruza na kuyumba: beringi ilikuwa imekwisha. Kumbe mkanda haukuwa na hatia! Nilifunga kikazo kipya, kisha, nikikivuta kwa spana, nikavika mkanda mpya katika mifereji yake. Injini ikanguruma pasipo kilio.

Jumatatu, mwanafunzi niliyezoea kumkemea kwa kuchelewa alipoingia, sikumkemea. Nilimwuliza kwanza habari za nyumbani. Nawe, usikiapo kilio, mtafute amlizaye mwenziwe.