Nguo za Bibi Mitaani Gisenyi



Tunaandika haya sisi wawili, mke na mume, wazazi wa watoto wanne, wakazi wa Rubavu hapa Rwanda. Mara nyingi tumeulizwa kwa nini familia yetu huonekana mjini Gisenyi imevaa nguo za zamani: kanga zilizofifia, kanzu yenye darizi ya mkono, suruali ya bugaluu, hata koti la abakosti. Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa kicheko. Tumeona afadhali tujibu mara moja kwa wote, na tuseme pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili wazazi wenzetu wasilirudie.

Ukweli ni kwamba hatukuanza kwa kupenda. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, na zaidi ya watu 130 walipoteza maisha. Mto Sebeya ulifurika. Sisi tulikuwa tunakaa Rugerero, si mbali na mto huo. Tuliamshwa na kelele za jirani, tukawabeba watoto, tukatoka gizani. Asubuhi nyumba ilikuwa imejaa tope hadi dirishani. Alhamdulillah, roho zetu sita zilikuwa salama, na wako jirani zetu ambao hawakupata neema hiyo. Lakini kabati la nguo lilikuwa limeondoka zima, hata mlango wake hatukuuona.

Tulikimbilia Majengo, kwa dada mkubwa wa mmoja wetu, ambaye watoto humwita shangazi. Alitutazama tulivyosimama mlangoni na nguo za kulalia zilizoganda tope, hakuuliza neno. Aliingia chumbani, akaburuta sanduku la bati kutoka mvunguni, akasema, "Mama yenu hakutupa kitu. Chagueni."

Sanduku lile lilikuwa la marehemu bibi yake watoto. Mumewe, babu yao, alikuja kijana kutoka Ujiji akawa fundi cherehani, na kwa miaka mingi alikaa barazani hapo hapo Majengo akishonea watu. Ndani, chini ya harufu ya vidonge vya nondo, tulikuta kanga doti tatu, mojawapo kisutu cha harusi, magauni mawili ya miaka ya sitini na sabini, kanzu, suruali ya bugaluu pana chini kama kengele, umushanana ambao bibi aliuvaa kwenye harusi za majirani, na abakosti ya baba mdogo aliyefanya kazi Goma wakati wa Zaire, siku ambazo Mobutu alikataza suti na tai. Tukavaa. Hatukuwa na kingine.

Basi hapo ndipo tulipoanza kuwajua watu.

Siku ya kwanza mwanamume wa nyumba hii alipotoka na abakosti kuelekea mpakani kutafuta kibarua, mzee mmoja Mkongo alisimama katikati ya njia, akapiga saluti, akapaza sauti: "Mobutu amerudi, bana!" Foleni nzima ikacheka. Kisha mzee yule akamsogelea, akaligusa koti begani kwa vidole viwili, akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yake alizikwa na koti kama lile. Kicheko na machozi vilitoka kwa mtu mmoja, ndani ya dakika moja. Tangu siku hiyo hatuharakishi kumkasirikia anayecheka.

Kijana wetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alichukua bugaluu. Madereva wa pikipiki walimpigia honi na kumwita DJ. Wenzake walitaka kupiga naye picha, na wawili wakamuuliza atauza kiasi gani. Alirudi nyumbani ametanua mabega.

Wanawake wazee wa Majengo walipoona kanga za bibi walitusimamisha njiani. Mmoja alishika pindo la kisutu, akatueleza kwamba aliazimwa kanga hiyo hiyo siku ya ndoa yake. Hatukujua habari hiyo. Bibi hakuwahi kuisema, wala shangazi hakuijua.

Lakini wengine, hasa ndugu zetu wa karibu, waliona aibu. Binamu mmoja alituvuta pembeni baada ya swala ya Ijumaa akasema, "Watu watadhani hatukuwasaidia." Mwingine aliongeza neno lililotuuma zaidi: "Mnatembea kama abaswahili." Wasomaji wetu wa pwani huenda wasione ubaya wa neno hilo. Hapa kwetu lina historia. Uislamu ulikuja Rwanda pamoja na wafanyabiashara wa Kiswahili na askari wa Wajerumani, na wakati wa ukoloni Waislamu wa mijini walitengewa mitaa yao. Polepole neno "umuswahili" likawa jina la mjanja, mzururaji, mtu asiyeaminika. Wazee wetu wengi waliacha kanzu na kanga zao nyumbani walipokwenda ofisini au hospitali, wasije wakaitwa hivyo. Mwaka 2017 Kiswahili kimefanywa lugha rasmi ya Rwanda, na watoto wetu wanajivunia kukijua. Nguo, hata hivyo, bado hazijasamehewa kama lugha.

Na hapa tunaomba wasomaji watafakari nasi jambo moja. Hakuna mtu Rubavu asiyejua caguwa, yaani mitumba. Jina lenyewe limetokana na neno letu la Kiswahili, chagua. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili watu wanunue za viwanda vya nchini. Caguwa zikawa ghali huku, zikabaki rahisi Goma, na wakati ule kila mtu hapa alisikia habari za mama aliyevuka mpaka mwembamba akarudi mnene, amevaa magauni manne moja juu ya jingine. Hatusemi kwamba ni vizuri kukwepa ushuru. Tunasema tu kwamba mji wetu umezoea kuvaa nguo kuukuu. Tumevaa makoti ya watu wa Ulaya na Marekani ambao hatuwajui majina, hatujui kama wako hai, na hakuna aliyetucheka. Tukivaa nguo kuukuu za bibi yetu wenyewe, ambaye kaburi lake tunalijua na kuliombea dua, tunaambiwa tunaaibisha ukoo. Je, aibu iko katika nguo, au katika kujua zilikotoka?

Swali hilo tulilipenda mno, ndugu zetu. Tulilipenda hadi likatupofusha.

Baada ya miezi michache tulipata kazi, tukapata na nguo nyingine. Wahisani walitugawia, Mwenyezi Mungu awalipe. Hatukuwa tena na haja ya sanduku. Lakini tulikuwa tumeshaonja sifa. Watu walitusifu kwamba sisi ndio tuliohifadhi heshima ya wazee, nasi tukaendelea kuvaa, safari hii kwa kupenda, na tukawataka watoto wote wavae, angalau siku za chuo na siku za sikukuu.

Binti yetu alikuwa na miaka kumi na minne. Alipewa gauni la bibi la rangi ya machungwa, lenye pindo la kitambaa tofauti chini. Aliomba asilivae. Tukamhubiria. Tukamwambia habari za kaka yake na bugaluu yake, kwamba mbona yeye haoni haya. Hatukuona kilichokuwa wazi: mvulana akivaa cha zamani huitwa hodari, na msichana akivaa cha zamani huitwa maskini. Nguo za sanduku moja zilimpa mmoja picha za kumbukumbu, zikampa mwingine jina la "kabibi". Wasichana wenzake walikuwa wakimuuliza kama amekuja na bakora.

Siku moja mwalimu wa chuo alitupigia simu kuuliza kama binti ameugua. Tukashangaa. Kila Jumamosi na Jumapili tulimwona akitoka na juzuu yake mkononi. Kumbe kwa majuma matatu hakufika. Alikuwa akiteremka ziwani, anakaa peke yake ufukweni hadi saa za kurudi. Msichana wa miaka kumi na minne, peke yake, karibu na Ziwa Kivu, kwa ajili ya gauni. Mpaka leo tukikumbuka miili hutusisimka. Mungu alimhifadhi, si sisi.

Tulikwenda kwa ustadhi wa mtaa, mtu mpole. Hakutugombeza. Alitukumbusha mambo mawili tu. La kwanza, kwamba Qur'ani inapotaja mavazi hulitaja vazi la uchamungu kuwa ndilo bora, na vazi hilo halishonwi kwa kitambaa cha zamani wala kipya. La pili, kwamba Mtume (s.a.w.) alionya juu ya vazi la kutafutia umashuhuri, na wanavyuoni wameeleza kwamba umashuhuri huo unaweza kupatikana kwa nguo za fahari na pia kwa nguo duni, mtu akizivaa ili atazamwe. Kisha akauliza, "Nyinyi mnamvalisha binti nguo ya bibi yake, au mnamvalisha sifa zenu?" Hatukuwa na jibu.

Usiku huo tulimwomba binti yetu msamaha, sote wawili, mbele ya ndugu zake. Tukamwambia avae anachotaka maadamu kina stara.

Aliyetengeneza tulichokiharibu ni shangazi. Alikuja akalikunjua gauni lile la machungwa mapajani mwake, akamwonyesha binti pindo. Alisema bibi yake alilishona likiwa fupi, maana ndio uliokuwa mtindo. Sisi watu wazima husema kwamba zamani watu wote walivaa kwa heshima, tukasahau kwamba mwaka 1968 vijana wa TANU kule Tanzania walitangaza Operesheni Vijana kuwazuia watu wasivae sketi fupi na suruali za kubana. Zamani nako kulikuwa na vijana, na kulikuwa na wazee waliolalamika. Bibi alisemwa na mama mkwe wake, basi babu akachukua kipande cha kitambaa kilichobaki katika kazi ya mteja, akaongeza pindo. Rangi haikulingana. Mtaa mzima ulicheka. "Akalia," alisema shangazi, "kisha akalivaa akaenda nalo sokoni, kwa sababu pindo lile lilishonwa na mtu aliyempenda."

Binti yetu hakusema kitu. Aligusa tu ile mishono. Kesho yake aliomba afundishwe kutumia cherehani ya babu, ambayo bado iko kwa shangazi na bado inafanya kazi ikitiwa mafuta.

Leo hatuvai nguo za sanduku kila siku. Abakosti hutoka mara moja moja, na wazee wa Goma wakiiona bado wanapiga saluti. Wenye kucheka bado wanacheka, nasi tukiweza hucheka nao. Kwa wazazi wenzetu waliohifadhi masanduku kama letu, tuna machache ya kushauri.

Kwanza, msiyaache yakae yamefungwa. Kila kiangazi zitoeni nguo, zianikeni kivulini wala si juani, kwa maana jua hula rangi. Zifueni kwa mkono, kwa sabuni kidogo, na msizining'inize zikiwa zimelowa, zitachanika kwa uzito wake.

Pili, hadithi itangulie nguo. Tulimvisha binti yetu gauni kabla hatujajua habari yake, na ndiyo sababu hakuwa na la kuwajibu waliomcheka. Wazee wenye habari hizo wanaondoka mmoja mmoja. Waulizeni sasa: hii ilikuwa ya nani, ilishonwa na nani, ilivaliwa siku gani?

Tatu, msimlazimishe mtoto abebe heshima ya ukoo mgongoni mwake ili nyinyi msifiwe. Na kama mna watoto wa kiume na wa kike, jueni kwamba mtaa hauwatazami kwa jicho moja.

Nne, mkimwona mtu amevaa nguo ya zamani, kabla ya kucheka kumbukeni kwamba huenda mto umechukua nyingine zote.

Idi iliyopita binti yetu alishona gauni lake mwenyewe, jipya, la kitambaa alichochagua sokoni. Chini kabisa aliongeza pindo la kanga ya bibi iliyokuwa imechanika katikati. Rangi hazikulingana. Alitoka nalo kwenda kuswali, na rafiki yake mmoja, ambaye zamani alikuwa akimwita kabibi, alimuuliza pindo lile amelipata wapi.

Alimjibu, "Nimeachiwa na bibi yangu."

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awahifadhi watoto wetu, na atuvishe sote vazi lililo bora. Amin.