Deni, Kosa na Radhi

Kwetu Magamba, Mpanda, neno deni halihitaji kamusi. Mkulima wa tumbaku hukopeshwa mbolea na pembejeo nyingine kupitia chama cha msingi, kisha hulipa siku ya masoko. Wanachama hudhaminiana: mmoja asipolipa, pengo lake huzibwa kwa mauzo ya wenziwe.

Msimu mmoja jirani yangu, ambaye ndiye msimamizi wa ubatizo wa mwanangu wa pili, alitorosha marobota yake usiku akayauza kwingine kwa fedha taslimu. Sehemu yangu ya pengo lile ilikuwa shilingi 380,000. Niliiandika daftarini nikaipigia mstari mara mbili.

Tulikuwa jumuiya moja. Kila juma tuliketi sebule moja tukasali Baba Yetu, wala ulimi wangu haukukwama. Sisi Wakatoliki katika sala hiyo husema makosa, na kosa ni neno pana lisilo na kipimo. Mtu aweza kulisamehe asijue ametoa kiasi gani. Jioni moja nikaifungua Biblia ya Tafsiri ya Muungano, ile ya 1952, Mathayo sura ya 6, nikakuta mahali pa makosa pameandikwa deni. Nikaifunga. (Luka naye huanza na dhambi, lakini afikapo kwa wale tuwasameheo hurudi kwenye kuwiwa, na kuwiwa ni kudaiwa. Washairi wenzangu, msikiache kitenzi hicho kife.)

Deni lina tarakimu. Ukilisamehe halitoweki, bali huhama likakaa kwako. Hata lugha ya ofisini yalijua hilo isemapo msamaha wa kodi: fedha ile kuna mfuko ambao haitauingia kamwe. Kwa miezi kadhaa niliisali sala ile kwa kuiruka sentensi moja, nikijifanya nakohoa.

Nilimwendea katekista wetu, mzee mwenye maneno machache. Akanielekeza Mathayo 18, kwa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 kisha akamkaba mwenziwe kwa dinari 100. Nilikuwa nimezoea kusikia ikihubiriwa kwamba dinari zile zilikuwa kitu kidogo. Mzee akafunua sura ya 20: dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku nzima. Siku 100 za jembe! Hizo ni sehemu kubwa ya msimu wa tumbaku. Basi yule mtumwa alikuwa na haki ya kudai, na Yesu hakuificha haki hiyo ndani ya mfano. Alichomlaumu ni kusahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiishi kwa fedha ya mtu mwingine. Sijui kwa nini hilo lilinituliza kuliko mahubiri yote ya "sahau yaliyopita". Labda ni kwa sababu daftari langu halikudharauliwa.

Jirani alikuja Kwaresima iliyofuata, akasimama nje ya ua.

"Kaka, niwie radhi."

Hakusema nisamehe, nami nililisikia hilo. Radhi ni kuridhika. Aiombaye huomba moyo wa mwenziwe utulie. Kusamehe ni tendo, na laweza kutendwa asubuhi na mtu ambaye moyo wake utachelewa hadi mavuno yajayo.

"Nimekusamehe, kaka. Deni halipo," nikamjibu. "Radhi bado. Ikija nitakuletea mwenyewe."

Aliinamisha kichwa, kisha akauliza kama mtoto hajambo. Nikamwita mtoto aje kumwamkia.

Daftari lile bado lipo. Nilikusudia kulichoma, mke wangu akakataa, maana kurasa za nyuma ameandika tarehe za kupanda mahindi.