Siku Tatu za Arsinoe

Kumkosoa marehemu ni kazi nzito, na huwa nzito zaidi marehemu huyo akiwa ameacha nyimbo. Hoja husahaulika, bali utenzi mzuri hudumu vinywani mwa watu na kumtetea mwenyewe hata akiwa kaburini. Ndiyo kazi iliyomkabili Dionysius, askofu wa Iskanderia nchini Misri, katikati ya karne ya 3.

Alikuwako Misri askofu aitwaye Nepos, mwingi wa imani, msomi wa Maandiko, na mtunzi wa zaburi zilizoendelea kuwaburudisha waumini baada ya kufa kwake. Aliacha pia kitabu. Humo alifundisha kwamba Ufunuo wa Yohana usomwe kama ulivyoandikwa: watakatifu watakaa miaka 1,000 papa hapa duniani, katika starehe za mwili. Fundisho hilo lilienea katika wilaya ya Arsinoe hata makanisa mazima yakajitenga. Kilichokuwa hatarini, basi, hakikuwa tafsiri peke yake. Ulikuwa ni udugu.

Askofu wa mji mkubwa kama ule angaliweza kupeleka waraka wa kuwatenga, yakesha. Dionysius alifunga safari. Huko Arsinoe aliwakusanya wazee na walimu wa vijiji, akaketi nao siku 3 mfululizo, tangu asubuhi hadi jioni. Wao walimletea kitabu cha Nepos kama ngome isiyobomoleka. Yeye akakipitia pamoja nao hadharani, swali kwa swali, shaka kwa shaka.

Habari hizi zimehifadhiwa na Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, kwa maelezo ya Dionysius mwenyewe. Ajabu yake ni heshima iliyomo. Kabla ya kumpinga Nepos, anakiri kwamba anampenda kwa imani yake, kwa bidii yake na kwa nyimbo zake. Ila ukweli anaupenda zaidi. Wanavijiji nao hawaiti wajinga. Anausifu utulivu wao, mpango mwema wa maswali yao, na kiu yao ya kuelewa. Anaongeza kwamba hakuna aliyeona haya kuiacha rai yake pale hoja ilipomshinda. Mwishowe Coracion, aliyekuwa kiongozi wa fundisho lile, alikiri mbele ya wote kwamba ameridhika, na kwamba hatalifundisha tena.

Wahenga wamenena: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Arsinoe hakuvuliwa mtu nguo, ndiyo maana Coracion aliweza kugeuka bila kuchutama.

Baadaye Dionysius aliandika vitabu 2 kuhusu ahadi za Mungu. Humo alitia shaka kama mwandishi wa Ufunuo ndiye Yohana mtume. Hata hivyo hakuthubutu kukikataa kitabu ambacho ndugu wengi walikitukuza, akisema huenda maana yake inaipita akili yake. Mwenye kuujua mpaka wa akili yake hukosoa kwa mkono mwepesi.

Na zile zaburi? Hakuzilaumu. Alifanya kama mtu achaguaye mawe katika mchele: huyatoa moja moja, kwa subira, wala haumwagi ungo.