Koleti za Baba

  Najua nimeadimika. Zamu za usiku zinanimaliza, na mvua za Guangzhou mwaka huu hazina adabu, nguo zinakaa kambani siku tatu hazikauki. Lakini leo nina habari, na kwa mara moja haihusu vyakula vya Wachina. Inahusu vipande vya chuma.

Wengi mnaikumbuka ile mashine ndogo ya kukereza mbao niliyomtumia Baba mwaka 2022, ikasafiri kwenye kontena pamoja na mizigo ya wafanyabiashara wetu wa pale Xiaobei. Mzee amestaafu ila mikono yake haijastaafu. Anaokota vipande vya mitiki vinavyobaki kwa mafundi (Longuza si mbali na kwetu), anakereza mipini ya patasi, michi midogo ya kutwangia kitunguu saumu, kalamu, na shanga za tasbihi na za rozari. Habagui, mteja ni mteja.

Basi mwezi wa tatu mdogo wangu akanitumia picha kwa WeChat. Huku ilikuwa saa nne usiku, kwenu saa kumi na moja jioni. Hakuandika neno hata moja. Ilikuwa picha ya mkono wa Baba, vifundo vya vidole viwili vimepasuka, nyuzi saba. Jamani, mimi vidonda ndiyo kazi yangu kwa miaka kumi na moja sasa, lakini kile nilikitazama nikaifunga simu, nikaifungua, nikaifunga tena.

Kilichompiga ni chaki. Si ile ya ubaoni! Ni lile shikio la chuma linalobana mti kwenye mashine. Lina meno manne, na ukibana kitu kinene meno yanachomoza nje. Mashine ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huyaoni, unaona kivuli tu. Mkono ukisogea kidogo, umekwisha.

Kidonda kilipona vizuri. Ila Baba hakurudi kwenye mashine. Mara jua kali, mara umeme umekatika, mara mti haujakauka. Miezi miwili. Mama akaninong'oneza kwenye simu, "Anaogopa, ila usimwambie kama nimekwambia." (Mama nisamehe, siri ndiyo imeshatoka.)

Nikaanza kuuliza mafundi wa huku, nikaambiwa habari ya koleti. Nieleze kwa lugha yetu. Koleti ni kibomba kifupi cha chuma kilichochanwa pande zote mbili. Unakiweka kwenye nati, nati unaifunga kwenye kichwa chake, na kadiri unavyokaza kibomba kinajibana sawasawa kuuzunguka mti wote. Nje kunabaki nati ya duara. Ina mapengo ya spana, lakini haina jino lililochomoza. Niliposikia hivyo nikasema hiki ndicho chetu.

Sasa kuchagua ndiko kulikonitoa jasho. Aina inayopatikana kila mahali inaitwa ER, wameibuni Waswisi miaka ya 1970, na leo Wachina wanaitengeneza kwa magunia. Inakuja kwa namba: ER20, ER25, ER32, ER40. Nyie wauguzi wenzangu mtacheka. Sisi kwenye kanula namba ikipanda sindano inapungua, ile ya 18 ya kijani ni nene kuliko ya 22 ya bluu. Huku kwenye koleti ni kinyume, namba kubwa ni mdomo mkubwa. ER20 inaishia milimita 13, ER32 inafika 20. Mipini ya Baba inahitaji 20, kwa hiyo nikachukua ER32. Hilo lilikuwa jepesi.

Gumu lilikuwa hesi, zile nyuzi za kwenye shafti ya mashine ambako kichwa cha koleti kinafungwa. Nilitupa karatasi za mashine zamani. Nikampigia Baba, akapima kwa futi ya fundi cherehani, akajibu kwa sauti ya mtu mwenye hakika, "Inchi moja na robo, mwanangu." Na kweli hesi ya inchi moja na robo ipo! Nilibakiza kidogo tu nilipie.

Lakini kazi yangu imenifundisha kitu kimoja: dozi huitoi kwa kukisia. Nikamwomba mdogo wangu aazime venia pale gereji. Upana ukaja karibu milimita 33. Inchi moja na robo ni 31.75. Kwa futi ya kitambaa tofauti hiyo huioni, lakini kichwa kisingeingia kabisa, kama kofia ya mtoto kwa mkubwa. Nikamwambia apime na hatua tano za nyuzi kwa pamoja. Akapata 17.5, yaani kila hatua 3.5. Hapo ndipo tulipojua kwamba hesi ni M33 kwa 3.5. Mjue na nyie mlio na mashine: upana peke yake hautoshi, pima na hatua.

Siku ya mapumziko nikaingia soko la vyuma. Mama muuzaji alikuwa mkarimu, akaanza kwa kunitolea kichwa cha bei nafuu chenye mkia mchongoko, kile kinachochomekwa kwenye tundu la shafti. Kingeingia, maana mashine ya Baba ina tundu la Morse namba 2. Ila kinahitaji bolti ndefu ipite nyuma ya shafti ikivute, la sivyo mtikisiko unaweza kukilegeza. Tena kinaziba tundu, na Baba hupenda kupitisha vijiti vyembamba vya shanga humo ndani. Nikakirudisha, nikachukua cha kufunga kwa hesi.

Halafu akatoa sanduku. Jamani lile sanduku! Koleti kumi na nane, kuanzia milimita 3 mpaka 20, zimepangwa kama mayai, zinang'aa. Kila koleti inabana kwa milimita moja tu, kwa hiyo ukiwa nazo zote huna pengo. Nikamwona Baba akilifungua mbele ya wageni sebuleni. Nikamwona na mwanawe wa Guangzhou akisifiwa. Nikatoa simu nilipie.

Mama yule akaniuliza kupitia simu inayotafsiri, "Anachonga chuma au mti?" Nikasema mti. Akacheka, akazitoa koleti sita, akazipanga juu ya meza: 6, 8, 10, 13, 16 na 20. Akanieleza kwamba fundi chuma huletewa fito kama ilivyo, lazima awe na kila saizi. Fundi mti kishikio anakichonga mwenyewe, anaweza kukifuatisha koleti aliyonayo. Hizo nyingine kumi na mbili zingeota kutu Muheza.

Niliona aibu kidogo. Nilikuwa nanunua sifa, si dawa. Sita zilinigharimu theluthi ya bei ya sanduku. Chenji nikanunua miwani ya kukinga macho na venia.

Mzigo ulikwenda kwenye begi la dada mmoja anayefanya biashara ya vitenge, Mungu ambariki. Nikamwandikia Baba maelekezo mafupi kama cheti cha dawa: koleti ianze kuingia kwenye nati, iinamishe mpaka isikike "tak", ndipo ufunge. Usikaze ikiwa tupu, wala kwa mti mwembamba mno, utaiharibu. Mti uingie ndani sana, si ncha tu. Na mikono ya shati ikunjwe, maana hata bila meno mashine ni mashine.

Juzi mdogo wangu akatuma video ya sekunde arobaini. Baba amevaa miwani, amesimama mbali kidogo kuliko zamani, na kijiti cha mtiki kinazunguka kimya. Kabla ya kugusa patasi anaiweka mkono nyuma, anautazama mti, kama mtu anayeomba ruhusa. Halafu anaanza.

Nimeitazama mara nyingi kuliko ile picha.

Baba, najua utasomewa haya. Shikamoo. Kile kisanduku kikubwa kingekupendeza, lakini sikukuletea. Na ile venia ni yako, ya gereji warudishie tafadhali, wameshanipigia mimi.

Tuko pamoja wapendwa. Mvua ikikatika nitaandika tena.